Jicho la Pili la Sarando

Ukiingia mkahawani kwetu hapa Rahovuni, usihangaike kuuliza Diamando ni yupi. Tazama ukutani. Yule wa katikati, mwenye nyoka kichwani na mwenge mkononi, anayemkimbiza kijana wa watu, ndiye mimi, mke wa Kosmas mwenye mkahawa. Watu wa kijiji cha chini wanasema fundi hakubuni chochote, alichora alichokiona. Waseme. Wakija hapa nawapa kahawa iliyopoa.

Aliyenichora ni Fundi Likurgo, Mungu amrehemu, na leo nataka kumsema yeye. Nitamsema vizuri na nitamsema vibaya, kwa sababu alistahili yote mawili.

Likurgo alikuwa mchoraji wa watakatifu. Katika makanisa ya milima hii yote, ukiona mtakatifu mwenye masikio makubwa ujue ni mkono wake, maana masikio yake mwenyewe yalikuwa kama vishikio vya sufuria. Hakuoa. Aliishi na punda wake, Vasilo, akamdekeza kuliko wengine wanavyodekeza wake zao. Kabla ya kushika brashi alifunga, hata mafuta ya zeituni haonji, na hasira zake za njaa tukazimeza sisi. Rangi alizichanganya kwa kiini cha yai, kwa hiyo akianza kazi, kijiji kizima mayai yanaadimika. Anapita mlango kwa mlango na kikapu.

"Mama Diamando, Mtakatifu Nikola anataka ndevu."

Utamnyima Mtakatifu Nikola? Thubutu! Unampa. Jioni anakurudishia ute kwenye kikombe. "Nusu yako hii," anasema, "nisije nikaitwa mwizi." Tulikuwa tunaficha mayai chini ya vitanda.

Sasa sikiliza sheria ya wachoraji wetu, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Mtakatifu huchorwa uso mzima, anakutazama kwa macho yote mawili. Shetani, Yuda na waovu wenzao huchorwa upande, linaonekana jicho moja tu, ili mwenye kusali asije akakutanisha macho na uovu. Kila mtoto wa Rahovuni anajua hilo kabla hajajua kusoma. Kumwambia mtu hapa kwetu kwamba ana jicho moja ni tusi la kurushiana viti.

Na Likurgo alimpa jicho moja Sarando, msaga unga wetu.

Ilikuwa hivi. Zamani, mimi nikiwa bibi harusi mpya, Likurgo alikuwa anachora kanisa letu lililojengwa upya baada ya tetemeko. Alipeleka ngano kinuni kwa Sarando, akambebesha Vasilo gunia la unga, akarudi nyumbani. Kufika, gunia limenywea kama kibofu kilichotobolewa. Weee! Alishuka barabarani anapiga kelele mpaka mbwa wakajificha. "Mwizi! Sarando mwizi! Anakula unga wa mtu aliyefunga!" Sarando akaapa kwa roho ya baba yake kwamba alipima sawa. Likurgo hakusikia. Asubuhi yake aliingia kanisani na hasira ile ile, na kazi ya siku hiyo, bahati mbaya, ilikuwa ukuta wa nyuma, picha ya Siku ya Hukumu.

Makanisa yetu yote yana picha hiyo. Juu malaika, katikati mto wa moto, na chini kabisa, usawa wa kifua cha mtu, safu ya wenye dhambi: anayesogeza mpaka wa shamba, anayelala Jumapili, na msaga unga anayepunja, jiwe la kinu limening'inia shingoni. Msaga unga wa motoni kwa kawaida hana sura ya mtu yeyote. Likurgo alimpa pua ya Sarando. Na pua ya Sarando, mpendwa wangu, ungeijua hata gizani. Alimchora upande, pua yote nje, jicho moja.

Chokaa ilikuwa mbichi, rangi ikazama ndani. Chokaa ikishakauka, imekauka.

Sarando alikuwa mtu wa utani. Alipoiona alicheka na wanaocheka. "Angalau pua kaipatia," alisema. Watoto walimwita Jicho Moja, na yeye ana macho mawili yanayomwona kiroboto mgongoni mwa paka wa jirani. Watu waliendelea kusaga kwake, kinu kingine kiko mbali, ila wakawa wanapima unga tena nyumbani. Hilo aliliona pia.

Asiyecheka alikuwa mkewe, Kaliroi. Jumapili ya kwanza ukuta ulipofunguliwa, alimtazama mumewe pale motoni, akafanya ishara ya msalaba, kisha akageuka akauegemeza mgongo wake pale pale, juu ya picha. Alikuwa mfupi. Kitambaa chake cheusi cha kichwani kilifika sawasawa kwenye pua ya mumewe. Misa nzima alisimama hivyo. Na Jumapili iliyofuata. Na zote zilizofuata, Kwaresima kwa Kwaresima, misa ndefu za kukausha magoti, Kaliroi mgongo ukutani. Miguu ikamvimba. Nikampelekea kiti mimi mwenyewe.

"Kaa kidogo, dada. Mungu hatakasirika."

"Nimezoea," alisema.

Nilijua anachofanya. Wanawake wote tulijua, maana upande ule wa nyuma ni wetu. Hatukusema, naye hakutaka tuseme. Mtu akikaa akajisahau kidogo, angeweza kudhani ukuta ule hauna msaga unga.

Kisha Kaliroi akafa, majira ya baridi, kifua.

Siku ya arobaini yake Sarando aliingia kanisani amebeba sinia la ngano ya kuchemsha ya marehemu, yenye sukari na komamanga, na alipogeuka kutoka, ukuta ukawa wazi mbele yake, hakuna wa kuuziba. Pua ile. Jicho lile. Kanisa zima likaona kwamba ameona. Alikuja mkahawani moja kwa moja, hakuvua hata kofia, akasimama mbele ya meza ya Likurgo.

"Likurgo, nataka jicho langu."

Dadu zikakoma kwenye meza ya mchezo wa tavli. Likurgo alikitazama kikombe chake. Nikwambie kitu: tangu siku ya gunia lile, sikumwona Likurgo akimtazama Sarando usoni hata mara moja. Alikuwa anaongea na vifungo vya koti lake.

"Ukuta umebarikiwa, Sarando. Siwezi kuugusa."

"Mimi ni mzee. Nikifa leo, niende kwa Mungu na uso wa upande? Nikawaambie malaika nini, mlinipima vibaya? Alipokuwepo Kaliroi nilikuwa na mtu wa kunificha. Sasa sina." Akarudia utani wake kwa nguvu, kama mtu anayejivalisha koti la mvua. "Jicho moja tu, bwana. Sikuombi masikio, hayo umejipendelea mwenyewe."

Watu walicheka. Likurgo aliinuka akaenda zake bila kumaliza kahawa. Nilimwonea huruma Sarando, nikamwekea kahawa ya moto.

Majira ya kuchipua yakaja, na balaa likatokea kijiji cha chini: mkahawa wao ulichorwa Aleksanda Mkuu ukutani, na farasi wake, na mkia unaofika dirishani. Kosmas wangu hakulala. "Wana Aleksanda! Mtu wa kaskazini kabisa! Sisi tuna Oreste, mtoto wa milima hii hii, na ukuta wetu una kalenda ya mbolea!" Akamwita Likurgo. Chora Oreste anakimbizwa.

Kisa unakijua, au kama hukijui ni kifupi. Mama yake Oreste alimuua baba yake. Oreste akalipiza kisasi, akamuua mama. Kutoka saa ile wakamtokea wanawake watatu wa kisasi, nyoka kwenye nywele, mienge mikononi, wakamfukuza nchi hadi nchi, bila kula wala kulala. Jina lao halitamkwi. Sisi kitu kibaya tunakibembeleza kwa jina zuri. Hata ndui bibi zangu waliiita Baraka, na siki tunaiita tamu. Basi hao watatu tunawaita Wale Wema.

Wale Wema walipatikana upesi: mimi, wifi yangu Evanthia, na Poliksenia wa tanuri la mikate. Likurgo alisema alituchagua kwa ajili ya mikono yetu yenye nguvu. Akaanza kuchora kwa mkaa, na papo hapo ukazuka ugomvi ambao Rahovuni pekee ndiyo ingeweza kuuanzisha: nani apewe jicho moja?

"Oreste," Kosmas alisema. "Ameua mama. Hilo halina mjadala."

"Kamlipizia baba yake!" mwokaji, mume wa Poliksenia, akapiga meza. "Macho mawili! Jicho moja wapeni hao wachawi."

"Mchawi mamako," Poliksenia akasema kwa upole. "Sisi tunatafuta haki."

"Likurgo," nikamwambia, "mimi ukinichora jicho moja, kahawa utakwenda kuinywea kisimani na Vasilo."

Wiki ile kahawa iliuzwa kuliko siku ya mtakatifu wetu. Lakini Oreste mwenyewe alikosekana. Kijana gani akae kiti cha muua mama? Kila mama alimshika wake. Mama yake Manolis alijitemea mate kifuani kufukuza husuda, akamwambia mwanawe akikalia kiti kile asirudi kula. Kazi ikasimama. Hapo ndipo Sarando alipoinuka pale kwenye kona yake.

"Nitakaa mimi. Mama yangu alishajifia kwa amani, na motoni nimeshafika. Nani ataniroga?"

"Wewe ni mzee," Likurgo akaviambia vile vifungo vya koti.

"Mwili uchore wa kijana. Macho ndiyo nakuazima. Kijiji hiki, nani mwingine amekimbizwa?"

Kosmas alisema, sawa, keti mzee. Likurgo hakuwa na njia ya kukataa.

Kwa hiyo kila asubuhi, kahawa ya kwanza ikishanywewa, Sarando anakaa kwenye kiti katikati ya mkahawa, Likurgo mbele yake na vikombe vyake vya rangi, na sisi watatu nyuma tumeinua mifagio badala ya mienge. Na kila asubuhi vita ni vile vile.

"Geuka upande, Sarando."

"Shingo imekufa ganzi."

"Jana uligeuka ulipopita mjane wa Panteli!"

"Ile ilikuwa salamu." Na uso wake unarudi taratibu mpaka anamkabili fundi sawasawa, macho mawili, anatabasamu.

"Basi ziba masikio. Oreste anaziba masikio asisikie laana."

"Mimi sikuyaziba. Niliyasikia yote."

Likurgo alichora mikono, akachora miguu inayokimbia, nguo nyekundu inayopepea, akatuchora sisi watatu na nyoka wetu mmoja mmoja, mpaka kucha. Uso wa Oreste ukabaki yai tupu. Mchoraji wa uso hana ujanja: lazima amtazame mtu. Alikuwa anainua brashi, anamtazama Sarando, anaishusha. Anaivuruga rangi ambayo ilishachanganyika. Anasema mwanga umeharibika, na jua liko pale pale dirishani. Kosmas akaanza kununa, Alhamisi ya soko inakaribia na watu wa kijiji cha chini watakuja kuona ukuta wetu una mtu asiye na sura.

Siku moja mkono wangu ukachoka na mfagio. "Likurgo!" nikamfokea. "Macho yale pale, mawili, yanakupepesia! Unasubiri nini, yaote mengine?"

Akatupa brashi chini.

"Gunia lilikuwa na tundu," alisema.

Hakuna aliyeelewa. Akasema tena, na safari hii alimwambia Sarando, machoni.

"Gunia lilikuwa na tundu chini, kwenye mshono. Niliona kesho yake, baada ya kuchora, nilipolichukua kulikung'uta. Nikaifuata njia hadi kinuni kwako. Unga mweupe njia nzima, na kuku wa bonde zima wanasherehekea. Ulipima sawa, Sarando. Chokaa ilikuwa imeshakauka, na mimi nilikuwa nimeshapiga kelele kijiji kizima, nikaona aibu. Nikasema nitamwambia baadaye. Sikukwambia."

Mtakatifu mama wa Mungu! Nilikuwa na mfagio mkononi na nakwambia kweli nilitaka kumvunjia. Miaka yote ile! Nilimwona Kaliroi na miguu yake, naiona mpaka sasa, na mtu huyu alikuwa anajua, anakuja hapa kunywa kahawa, anadai maji ya baridi. Evanthia alianza kulia. Mwokaji akasema, "Ulimi hauna mfupa, lakini wako ulivunja nyumba." Likurgo alisimama tu, masikio yamemwiva.

 Nilidhani Sarando atampiga, na ningemshikia koti.

"Kuku wa bonde zima?" aliuliza.

"Wote."

"Ndiyo maana Pasaka ile mayai yalikuwa makubwa." Watu wakacheka kwa kushtukizwa, mimi pia, Mungu anisamehe. Kisha Sarando akaacha kucheka, na sura yake ikawa ya mzee kweli. "Mimi nimekusikia, Likurgo. Mimi sina shida. Lakini mwenye kusimama hakuwa mimi. Kaliroi hakuniuliza hata siku moja kama niliiba. Hata siku moja. Alisimama tu. Huyo ndiye unayepaswa kumwambia, na umechelewa."

Likurgo akaokota brashi. Alikaa akachora macho ya Oreste siku hiyo hiyo, mawili, wazi, yanakutazama popote uendapo mkahawani. Hakula, machozi yanamdondokea kwenye ndevu. Sisi watatu alituachia macho yetu mawili mawili. Alhamisi watu wa kijiji cha chini walikuja, wakazunguka, wakauliza, "Sasa mwovu hapa ni nani?" Kosmas akawajibu kwamba kwao kuna farasi, wakamtazame.

Ila Sarando bado alikuwa motoni kanisani, na hilo ndilo lililokuwa linamkaba. Likurgo alikwenda kwa Padri Anestis, akapiga magoti, akaungama, akaomba ruhusa ya kumfuta msaga unga. Padri wetu alikuwa mtu wa kufikiri polepole, anachezea ndevu.

"Kufuta siruhusu," alisema. "Ukuta umebarikiwa na askofu. Tukianza kufuta, kila mtu atakuja na lake." Akachezea ndevu tena. "Lakini kuongeza, mwanangu, sijasikia aliyekataza."

Likurgo alifunga tena. Alitundika shuka mbele ya ukuta wa nyuma, isionekane kazi yake, kisha akashuka kijijini na kikapu. Hakupata mlango wa kubisha. Tulikuwa tumeshakusanyika barabarani, kila mwanamke na mayai yake kwenye aproni, hata yale ya chini ya vitanda. Poliksenia alimwambia, "Na ute baki nao, ukatengeneze keki." Mimi nilimpa mayai ya kuku wangu mweusi na tusi moja dogo, nikasikia nafuu.

Jumapili padri akaivuta shuka.

Alikuwa Kaliroi. Mfupi vile vile, kitambaa cheusi, mikono imekunjwa tumboni, mgongo umeuegemea ukuta mahali pake pale pale, mbele ya msaga unga. Macho mawili, yanakutazama kama yanakuuliza unataka nini. Nyuma yake jiwe la kinu lilionekana kidogo huku na huku, na juu ya kitambaa ncha ya pua, maana pua ile haikuzibika. Na mwisho kabisa wa safu, palipokuwa wazi, palikuwa na mtu mpya motoni: amechorwa upande, jicho moja, sikio kama kishikio cha sufuria, gunia lililotoboka begani, na kuku nyuma yake anadonoa.

Wanawake tulijipigia msalaba. 

Sarando alikuja kutoka upande wa wanaume, kofia mkononi, akapita katikati yetu. Alimtazama mkewe kwa muda mrefu. Likurgo alikuwa amesimama kando ya nguzo, hana rangi usoni.

"Kiatu umekosea," Sarando alisema.

"Kiatu gani?"

"Cha kulia. Alikichana pembeni kwa sababu ya mguu."

"Nitakichana, Sarando."

"Kichane."

Likurgo akamwuliza, kwa sauti ya chini, "Na jicho lako?"

"Jicho nililipata ukutani kwa Diamando, ninapolipia kahawa." Kisha Sarando akageuka, akarudi nyuma hatua moja, akauegemeza mgongo ukutani kando ya Kaliroi, bega kwa bega, katika upande wa wanawake ambako mwanaume hasimami. Padri aliona. Akaanza misa.

Katikati ya misa nikampelekea mzee kiti.

"Kaa kidogo, mzee wangu. Mungu hatakasirika."

Alikisukuma kwa mguu.

"Nitazoea," alisema.